Mkuki wa Mmoja, Moto kwa Kitutu Nzima

Msikilizaji wa Mosocho na Kitutu yote, habari za Otenyo, shujaa wa Wagusii, umezisikia tangu utotoni. Januari 1908, akitiwa moyo na nabii Moraa wa Ng'iti, alimchoma mkuki Northcote, mtawala Mwingereza wa Kisii. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong.

Mkuki ulirushwa na mtu mmoja. Lakini askari wa King's African Rifles (KAR), Waafrika chini ya maofisa wazungu, walitumwa kuwaadhibu watu wote wa Kitutu. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wa mikuki na ngao wakamiminiwa risasi. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliletewa hesabu ya watu 160 waliokwisha kuuawa. Aliandika kwamba huo ni uchinjaji. Lakini katika maandishi hayohayo alikubali kwamba koo ziadhibiwe, na akahofia Bunge lao lisije likapata habari.

Linaloniuma ni hili. Oktoba 1907 Uingereza ilikuwa imetia sahihi mkataba wa Hague, ambao kifungu cha 50 cha kanuni zake kinakataza umma kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja mmoja. Wino ulikuwa na miezi mitatu tu. Walijua kabisa kwamba ni dhuluma. Waliona tu kwamba sheria hiyo haimhusu mtu mweusi. Mwaka 1909 wakaihalalisha adhabu ya pamoja katika himaya yao hapa, na wakati wa Mau Mau vijiji vizima vya Mkoa wa Kati vikanyang'anywa mifugo kwa mtindo uleule.

Ubaguzi wa rangi ulifanya kazi hiyo: ulifuta jina la mtu, ukabakiza kabila. Na sisi tumeurithi ufutaji huo. Mwaka 2008, kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, nyumba zilichomwa kwa kuangalia mwenyewe ni wa kabila gani. Mzungu hakuwepo.

Wazee wanasema kichwa cha Otenyo kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na wanadai kirudishwe. Dai hilo naliunga mkono. Ila wale 160 walifika London wakiwa tarakimu. Kama bibi yako alikutajia hata mmoja wao, jina lake, ukoo wake, boma lake lilipokuwa, liandike wiki hii, na uwasomee watoto wako.