Helmeti ya Baiskeli: Kinga au Hatari?

Machi 2003, katika mashindano ya Paris–Nice nchini Ufaransa, mwendesha baiskeli Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka akiwa kichwa wazi. Alifariki siku iliyofuata. Mwaka huohuo chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kikawalazimisha washindani kuvaa helmeti.

Wapo wanaoipinga. Wanadai inaongeza uzito wa kichwa, hivyo mtu akianguka shingo ndiyo huumia. Hoja hiyo haikupuuzwa, ilipimwa: mwaka 2016 watafiti wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000. Miongoni mwa waliovaa, majeraha mabaya ya kichwa yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 70. Ya shingo yalikuwa machache, wala hayakuhusishwa na helmeti.

Kazi kubwa hufanywa na povu gumu la ndani. Linapogonga lami hubonyea, kichwa kikachelewa kidogo kusimama, na nguvu inayoufikia ubongo ikapungua. Povu likishabonyea halirudi. Helmeti iliyopata ajali, hata ikionekana nzima, itupwe.

Ina mipaka. Kipimo cha Ulaya huidondosha kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Lori linalokimbia ni jambo jingine kabisa, na hapo zinahitajika njia za baiskeli zilizotengwa, kama za Uholanzi.

Lakini mtoto anayejifunza uani huanguka kwa mwendo mdogo, na huko helmeti hufaa hasa. Ifunike paji la uso, mkanda ubane chini ya kidevu.