MZAZI AUGUZAYE NAYE ATUNZWE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka, Malava



Nimepewa ruhusa kusema machache juu ya jambo tulionalo vijijini mwetu na kulipita kimya: mzazi mwenye mtoto anayeugua saratani.

Katika nchi zetu za kandokando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi, iko saratani ya watoto ambayo mara nyingi huanza kwa uvimbe wa taya au wa tumbo. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Hukua upesi mno, lakini mara nyingi dawa huishinda, iwapo mtoto atawahishwa. Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama.

Ila matibabu hayo si ya siku moja. Mtoto wa Kabras hana budi kupelekwa mbali, pengine hadi Eldoret, tena na tena. Uvimbe hupungua baada ya dawa za kwanza, na hapo ndipo penye hatari. Nauli imekwisha, mahindi yamemezwa na magugu, na watoto wengine wamebaki bila mlezi. Mzazi husema, "Amepona," akamrudisha nyumbani. Kumbe ugonjwa umejificha tu.

Wazee wangu, mzazi huyo hakukosa upendo. Amekosa wa kumpokea. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kwanza, chama kitenge fungu la nauli, na kimsaidie mzazi kulipa michango ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo bima yake ilianza Oktoba 2024. Pili, majirani wapalilie shamba lake na kuwalisha watoto waliobaki. Tatu, baba na ndugu washike zamu hospitalini, ili mama apate kulala. Nne, tuzuie ndimi zetu. Atakayekwenda kuuliza nani kamloga mtoto, afadhali akae kwake, aende yule atakayemwuliza mama, "Wewe nawe umekula?"

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030, watoto wenye saratani wapone walau 60 katika kila 100. Hapa kwetu kazi hiyo itaanzia mlangoni pa jirani.