Kisanduku cha Dawa cha Nyumbani
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Halmashauri katika Mkutano wa Mwaka wa Chama



Halmashauri imetutwika kazi ya kusema machache juu ya dawa za nyumbani. Yatupasa kukiri mapema kwamba sisi si madaktari. Sisi ni makarani, na ujuzi wetu ni kusoma maandishi madogo na kuyalinganisha. Tutakayoyasema tumeyauliza kwa wafamasia na wauguzi, na palipotakiwa daktari tutawaambia mwende kwa daktari.

Twaanza na habari iliyotufikia mwaka uliopita. Usiku mmoja wa mvua, mtoto wa mwanachama wetu wa Kawangware alishikwa na kuhara. Nyumbani mlikuwa na mfuko uliojaa dawa: chupa mbili za kikohozi, antibiotiki zilizosalia kwa jirani, na tembe za malaria zisizo na karatasi yake. Fedha zilizotumika kwa vitu hivyo hazikuwa haba. Lakini pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini haikuwamo, nayo ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa dukani. Mtoto akapewa antibiotiki za jirani. Kulipokucha macho yake yalikuwa yamedidimia, naye alilia pasipo machozi. Akakimbizwa hospitali, na twamshukuru Mungu alipona. Mama yake alituambia, "Nyumba ilijaa dawa, nami sikuwa na ya kumpa." Neno hilo ndilo lililoileta hotuba hii.

Jambo la kwanza ni majina. Kila dawa ina majina mawili: jina la dawa yenyewe, na jina la biashara alilolipa mtengenezaji. Panadol ni jina la biashara, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1956. Dawa iliyomo ni parasetamoli. Piriton ni jina la biashara. Iliyomo ni klorofeniramini. Mtu anayevumbua dawa hupewa haki ya kuitengeneza peke yake kwa muda, kwa kawaida miaka 20. Muda huo ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza kwa jina la dawa yenyewe, hata viwanda vilivyoko hapa Nairobi. Kwa kuwa hawakugharimia uvumbuzi, wala hawalipii matangazo mengi, huiuza kwa bei nafuu.

Wako watakaosema kwamba rahisi ni ghali. Neno hilo huenda likawa kweli kwa viatu na kwa sufuria. Kwa dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu sivyo, maana tembe ya parasetamoli ya miligramu 500 ni miligramu 500, awe nani aliyeitengeneza. Na tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 2001 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua njia ya kuingiza nchini dawa za UKIMWI za bei nafuu. Dawa za namna hiyo zimewaweka hai ndugu zetu wengi. Ikiwa zilifaa kwa ugonjwa mzito kama huo, kwa nini tuzidharau kwa maumivu ya kichwa?

Basi mfikapo dukani, iwe River Road, Westlands au Kangemi, ulizeni kwa jina la dawa: "Nataka parasetamoli ya bei nafuu iliyosajiliwa." Hakuna aibu katika kuuliza hivyo.

Sasa twataja vitu vya kuwekwa katika kisanduku.

Kwanza, pakiti zenye herufi ORS pamoja na tembe za zinki. Someni pakiti, kwa kuwa nyingine ni ya lita 1 ya maji safi na nyingine ni ya nusu lita. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa kila aharishapo. Aliyezidi miaka 2, nusu hadi kikombe kizima, kwa kijiko au kwa funda ndogo ndogo. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Zinki hupewa mtoto wa miezi 6 na zaidi miligramu 20 kwa siku, na wa chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Kunyonyesha kusikatizwe. Pakiti ikikosekana usiku, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi, kwani ikizidi hudhuru.

Pili, parasetamoli, kwa homa na maumivu. Mtu mzima ale tembe 1 au 2 za miligramu 500, asirudie kabla ya saa 4 kupita, wala asizidishe tembe 8 kwa saa 24. Kwa mtoto kipimo hufuata uzito, basi mfamasia na aulizwe, na kijiko cha kupimia kitumike, si kijiko cha chai. Hapa pana mtego. Dawa nyingi za mafua huwa na parasetamoli ndani yake. Mtu akinywa dawa ya mafua na tembe za kichwa pamoja, huenda amekula dawa moja mara mbili bila kujua, na ikizidi mno huharibu ini. Kwa hiyo tunasema tena: someni jina la dawa yenyewe.

Tatu, ibuprofeni ya maumivu ya viungo na misuli, iliwe pamoja na chakula. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, wala kwa mja mzito, ila kwa ruhusa ya daktari. Aspirini wasipewe watoto wa chini ya miaka 16.

Nne, dawa ya mwasho na mafua ya vumbi. Klorofeniramini ni nafuu lakini huleta usingizi. Dereva na fundi wa mashine wasiitumie kazini. Setirizini aghalabu hailetei mtu usingizi mwingi kama hiyo.

Tano, dawa ya kiungulia, na krimu ya klotrimazoli ya choa cha ngozi. Sita, vitu vya jeraha: dawa ya iodini, pamba, bandeji, plasta na mkasi. Saba, kipima joto. Kwa aliyeungua, dawa ya kwanza haimo kisandukuni: ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia havipakwi.

Kwa kikohozi cha mafua hatukutaja chupa yoyote. Maji ya moto na asali hutuliza koo pasipo gharama kubwa, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali kamwe.

Ndugu, yako pia ya kuondolewa. Antibiotiki zisiwekwe akiba, wala zisigawanywe kwa majirani kama chumvi. Hizo ni za kuandikiwa na daktari na kumalizwa. Zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku ya haja hazitafanya kazi. Dawa za malaria nazo zisiwekwe. Nairobi iko juu, na malaria hapa ni kidogo. Wengi wetu huipata tuendapo nyumbani kandokando ya Ziwa Victoria, au Pwani. Arudiye na homa apimwe damu kwanza. Akimeza tembe pasipo kupimwa, huenda akaufunika ugonjwa mwingine.

Kuhusu mahali pa kuweka, wengi wetu twaishi katika chumba kimoja, na mtoto hufika kila pembe. Kisanduku au bati lenye kifuniko litoshe, liwekwe juu asikofikia mtoto, mbali na jiko na mvuke. Kila dawa ikae katika pakiti yake. Dawa ya maji, na zaidi sana mafuta ya taa, visitiwe katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto akiona chupa ya soda hunywa. Kila miezi 6 tazameni herufi EXP na tarehe iliyofuata. Zilizopita zirudishwe kwa mfamasia, zisitupwe jalalani wanakochezea watoto.

Nunueni katika duka lenye cheti cha Bodi kilichotundikwa ukutani, si kwa mchuuzi wa matatu, hata akiwa na maneno matamu.

Na kisanduku kisitucheleweshe. Mtoto asiyeweza kunywa, aliyelegea au kuzimia, aliyepatwa na degedege, anayehara damu au anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Bwana Mwenyekiti, twamaliza kwa ombi. Chama chetu kimezoea kuchanga. Mtu akifariki, daftari huzunguka, na kabla ya jua kutua fedha za jeneza na za gari la kurudisha mwili nyumbani zimepatikana. Sisi wenye kuliandika daftari hilo twaliona ni jambo la heshima, wala hatutaki likome. Lakini tumepekua daftari zote zilizomo ofisini, na hatukuona hata ukurasa mmoja tuliochangia kisanduku cha dawa.

Kwa hiyo Halmashauri yawaomba mpitishe kwamba kila tawi, Kangemi, Kawangware, Riruta na Uthiru, linunue kwa pamoja pakiti za ORS na zinki, na kuzigawa kwa kila nyumba ya mwanachama yenye mtoto wa chini ya miaka 5. Na kwamba katibu wa tawi awe na orodha hii iliyoandikwa kwa Kiswahili, aisome mkutanoni kila baada ya miezi 6. Gharama yake kwa nyumba moja haifiki nauli ya usiku ya kwenda hospitali.

Yule mama wa Kawangware yumo humu ukumbini leo, na mwanawe yu mgongoni. Atakayepinga azimio hili na asimame, azungumze naye kwanza.