Zamu isiyoisha: maneno ya Katibu wa Tawi

*TAARIFA YA TAWI: kwa wanachama wote, hasa mliokuwa kazini Jumapili*

Ndugu wanachama,

Kikao cha Jumapili kilikuwa na viti vingi vitupu, na sababu tunaijua: mlikuwa zamu. Tuliyoyasema pale yaliwahusu zaidi ninyi ambao hamkuwepo, ndiyo maana tunayaleta hapa.

Mwenzetu mmoja ni muuguzi wa usiku katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza. Anaingia saa 2 usiku, anatoka saa 2 asubuhi. Siku moja wa kumpokea hakutokea. Meneja akapiga simu: "Baki, hakuna mwingine." Akabaki hadi saa 8 mchana, muuguzi peke yake jengo zima, na saa 2 usiku ule ule alitakiwa arudi. Akiwa njiani kwenda nyumbani alisinzia kwenye taa za barabarani. Honi za magari ya nyuma ndizo zilizomwamsha. Tunamshukuru Mungu bado tunaye.

Tumezoea kusema ndiyo kubeba boksi, vumilia. Ndugu zangu, tupige hesabu. Zamu nne za saa 12 ni saa 48. Ukibakizwa saa 6 mara mbili, wiki hiyo umefanya 60. Kanuni za saa za kazi za mwaka 1998 zinataka wastani usizidi saa 48 kwa wiki, kwa kawaida ukipigwa kwa wiki 17. Yaani saa 816.

Mtasema: "Lakini tulisaini." Ni kweli. Wengi tulipoajiriwa tulipewa rundo la karatasi, na mojawapo ilisema tunakubali kuvuka saa 48. Tulidhani ni sharti la kazi. Si sharti, ni hiari. Unaweza kuifuta kwa barua, kwa notisi ya siku 7, au zaidi kama mlikubaliana, ila isizidi miezi 3. Na mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kuifuta.

Tunajua hofu iko wapi. Viza yako imefungwa kwa mwajiri, na udhamini ukikatika kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwingine. Hofu hiyo si ya kijinga. Ndiyo maana hatutaki mtu aende peke yake.

Tunawaomba haya:

1. Soma mkataba wako. Kama haukusema ovataimu ni lazima, ni hiari yako.
2. Kuwa na daftari. Andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, wazee wangapi na wafanyakazi wangapi.
3. Ukibakizwa, usiondoke bila kukabidhi wazee. Leseni yako ndiyo mkate wako. Lakini mwandikie meneja ujumbe saa ile ile kwamba umechoka na hali si salama. Simu haiachi ushahidi.
4. Dai mapumziko. Kati ya zamu na zamu ni saa 11. Kazi yetu haiwezi kukatika, kwa hiyo yanaweza kupunguzwa, lakini ni lazima ufidiwe mapumziko mengine.
5. Jiunge na chama cha wafanyakazi, RCN au UNISON. Tawi la siasa haliwezi kukuwakilisha mbele ya mwajiri, wao wanaweza. Ushauri wa bure upo ACAS.

Sisi kama tawi tutakaa na yeyote anayetaka kuandika barua hiyo, tuisome pamoja kabla haijatumwa. Leteni na hati za mishahara, tuhakikishe kila saa imelipwa. Na kuanzia sasa kikao kitakuwa na nafasi ya kuingia kwa simu, ili aliye zamu asikose kusikika.

Mzee anayetunzwa na muuguzi aliyechoka naye yuko hatarini. Kudai mapumziko si uvivu.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika ujenzi wa Chama,
Katibu wa Tawi