Mwenye Mtaji Hatakati

Juma lililopita nilikuwa Bungu, kule milimani Korogwe, kumzika mjomba wangu. Kesho yake, tukisubiri kikao cha ukoo, mjomba mkubwa, kaka yake marehemu, alitoa bao barazani akamwita kijana mmoja wacheze.

Kwa wasiolijua, bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na kete 22 mkononi. Kila zamu huingiza kete moja. Hapo kuna sheria isiyo na mjadala: kama kete hiyo inaweza kula, lazima ule. Kutakata, yaani kuzungusha kete zako mwenyewe bila kula za mwenzako, ni kwa asiye na mtaji.

Kijana alikuwa na mtaji mdogo wa kete mbili. Akaupita, akataka kutakata.

"Una mtaji, mjukuu wangu," mzee akasema.

"Nimeuona, babu, lakini siutaki."

"Hukuulizwa kama unautaka. Kula."

Kijana akala. Zamu mbili baadaye nyumba yake ikaliwa. Kumbe ule mtaji ulikuwa chambo! Mafundi wa bao hukulisha kidogo ili wakupeleke wasikokusudia wewe kwenda.

Mchezo wa pili mambo yaligeuka. Sasa chambo kilikuwa mbele ya mzee, na kijana alikuwa akitazama pembeni. Sisi watazamaji tuliona. Mzee angetakata, nani angemfungulia mdomo? Akakuna kidevu, akala, akafungwa.

Alasiri kikao kikaanza. Marehemu aliacha shamba la migomba na mabinti watupu, kwa hiyo kwa sheria yetu ya Kiislamu kaka yake naye ni mrithi. Watu wa Dar es Salaam tulikuwa na haraka ya basi. Tukataka shamba ligawiwe siku ile ile. Lakini mirathi nayo ina zamu zake: kwanza gharama za mazishi, pili madeni, tatu wasia, ndipo warithi waguse.

Tukauliza, kuna deni? Kimya. Mjomba mkubwa akasema: "Lipo. Yule mama mjane wa pale chini alimkopesha fedha za matibabu. Karatasi hakuna, shahidi ni mimi. Alipwe kwanza."

Naam, angenyamaza fungu lake lingekuwa kubwa zaidi. Na sisi sote, nami nikiwamo, tungeondoka na basi la kwanza tukijiona waungwana.

Nimerudi mjini na swali hilo. Hapa tunazo taratibu za nani atangulie, tena zimeandikwa na kupigwa mihuri. Lakini yuko tajiri anayenunua gari jipya huku mishahara ya watu wake ikisubiri miezi. Yuko baba anayewanunulia rafiki zake vinywaji wakati ada ya mtoto haijalipwa. Wote wanajua nani alistahili kwanza. Wanatakata huku mtaji uko wazi, kwa kuwa anayedai hana sauti, au anatazama pembeni.

Ndugu msikilizaji, mwezi huu ukipokea chako, nani wa kwanza? Hadi juma lijalo, kwaherini.