Ndege Inaponguruma Ikitua

Ndugu msikilizaji, kuna hofu inayoletwa na hatari, na kuna hofu inayoletwa na kutoambiwa. Leo nazungumzia hii ya pili, maana nusura imkoseshe matibabu mama mkubwa wangu wa Ruangwa.

Mama mkubwa alizaliwa Nachingwea, akaolewa Ruangwa. Mlio wa ndege si mgeni kwake. Nachingwea ina kiwanja cha ndege tangu enzi za ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Alipokuwa msichana mdogo, ndege za East African Airways zilikuwa zikitua pale, na watoto wakisikia ngurumo waliacha majembe wakakimbia kutazama. Lakini anayoyasikia aliye nje siyo anayoyasikia aliye ndani.

Mwaka jana daktari alimtaka aje Dar es Salaam kila baada ya miezi mitatu. Magoti yake hayawezi tena basi la kutwa nzima. Ndugu tukachanga, akapelekwa Mtwara, akapanda ndege kwa mara ya kwanza. Safari ya saa moja tu. Nilipompokea, hata shikamoo yangu aliiitikia kwa taabu. Tulipokwisha kuingia garini akasema: "Mwanangu, ahsanteni. Lakini kurudi nitapanda basi. Na hiyo kliniki, basi tena."

Alipatwa na nini? Ndege ilitua salama salimini. Ila kabla ya kutua alisikia kitu kikilia bawani kama msumeno. Mara kishindo chini ya miguu. Mara upepo ukavuma kwa nguvu. Ndege ilipogusa ardhi ikanguruma kuliko iliporuka. Akaona ndiyo mwisho. Na hakuna aliyemwambia neno, zaidi ya kumhimiza afunge mkanda.

Tusimcheke. Nani amesahau Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria na kuua watu 19 kati ya 43 waliokuwamo? Mwenye kumbukumbu hiyo akisikia kishindo, moyo lazima upige.

Jioni ile tulikaa mkekani, tukaichambua milio mmoja baada ya mwingine.

Ule msumeno ni mota zinazosukuma vibawa vidogo vitokeze nyuma ya bawa kubwa. Kuku akiruka kutoka juu ya banda hupanua mabawa ili ashuke polepole. Ndege nayo hupanua bawa ili iweze kupunguza mwendo bila kuanguka.

Kishindo chini ya miguu ni milango ikifunguka, magurudumu yakishuka na komeo zake kujifunga. Upepo nao huyapiga, ndiyo maana ya ule uvumi. Mama mkubwa, nilimwambia, kishindo kile ni habari njema. Rubani angeshtuka kama komeo lisingefunga.

Injini kupanda na kushuka sauti ni rubani akirekebisha nguvu, kama dereva wa lori la korosho kwenye mteremko. Na ndege ikigusa ardhi kwa kishindo siku ya mvua, mara nyingi rubani amekusudia. Anataka matairi yapenye maji yashike lami, yasije yakateleza.

Ngurumo kubwa ya mwisho ni injini ikisaidia breki. Kwenye ndege ya jeti, hewa iliyokuwa ikisukumwa nyuma huelekezwa mbele. Kwenye ndege ya pangaboi, mapanga hugeuzwa pembe yakasukuma hewa mbele. Wakati huohuo vibao husimama juu ya bawa kuliondolea nguvu ya kuinua, ili uzito wote ukae juu ya magurudumu. Na ule mtetemo ni breki zikikamata na kuachia haraka haraka, matairi yasiburuzike.

Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Sasa mbona hawakusema?"

Swali hilo, ndugu msikilizaji, ndilo nimelileta kwenu. Abiria wa basi haogopi dereva akibadilisha gia mlimani, kwa kuwa amezoea. Abiria wa ndege wa mara ya kwanza atazoea lini, ikiwa safari hiyohiyo ya kwanza imemkimbiza? Tangazo la nusu dakika, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kabla ya kuanza kushuka: "Mtasikia mlio bawani, kishindo cha magurudumu, na ngurumo ya kupunguza mwendo. Yote ni kawaida." Je, linagharimu shilingi ngapi?

Sisemi abiria afumbe macho. Ukiona moshi, au ukinusa harufu ya kuungua, mwite mhudumu mara moja. Wala usione haya kumwuliza mlio usioujua. Kuuliza si ujinga.

Mama mkubwa alirudi kwa ndege. Usiku alinipigia simu kutoka Ruangwa. Kijana aliyekaa jirani yake, suti na tai, alirukia mkono wake magurudumu yaliposhuka. "Nikamwambia tulia, mwanangu, hiyo ni komeo."

Kliniki yake nyingine ni mwezi ujao. Tumekwisha kumkatia tiketi. Kwaherini.