Nani Atauliza Usipofika? Jumuiya Ndogo Ndogo na Mkristo wa Mjini



Ndugu viongozi wa jumuiya, swali nililopewa ni lile mnaloulizwa na vijana, na siku hizi hata na watu wazima: "Misa naifuata kwenye simu, mahubiri nayasikiliza redioni, sala nasali chumbani kwangu. Jumuiya ya nini?" Anayeuliza hivyo mara nyingi anampenda Kristo kweli. Tusimjibu kwa kumkumbusha kwamba siku ya mazishi atahitaji barua ya jumuiya ili azikwe na Kanisa.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaazimia kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo, pale pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 wakaifanya kuwa mada ya mkutano wao mkuu. Wengi husema walifanya hivyo kwa kuwa mapadre walikuwa wachache na parokia kubwa mno. Hilo lilikuwepo, lakini naamini hata kama kila mtaa ungekuwa na padre wake bado tungehitaji jumuiya. Paulo anapowaandikia Warumi analisalimu kanisa lililokuwa likikutana nyumbani kwa Priska na Akila, na wakati huo hapakuwa na parokia ya kupunguziwa mzigo.

Angalieni mitume walivyowaagiza waamini: wachukuliane mizigo, wasameheane, waonyane, wakaribishane, waungamiane dhambi. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mtu aliyejifungia chumbani anaweza kulitimiza. Simu inaweza kuniletea mahubiri mazuri kuliko ya paroko wangu. Haiwezi kuniletea jirani aliyenikosea, akaketi mbele yangu, nikalazimika kumpa mkono wa amani.

Mnaijua Jumamosi ya jumuiya: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, watoto wamekalia mkeka, Injili ya Jumapili inayofuata inasomwa mara mbili. Kisha katibu anafungua daftari. Anataja jina, kimya. Analirudia. Mama mmoja anasema, "Sijamwona tangu Jumatano, na mlango wake umefungwa." Basi sala ya mwisho ikiisha watu wawili wanapita kwake. Kwangu mimi, dakika hiyo ya daftari ni ibada sawa na nyimbo zilizoitangulia. Mkristo anayesali peke yake anaweza kuugua wiki nzima katika chumba cha kupanga, na redio yake ikaendelea kuhubiri.

Hata hivyo tuseme ukweli mzito. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilikutana Roma kuanzia Aprili 10 hadi Mei 8, 1994, ikalieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Majuma hayo hayo, nchini Rwanda, watu waliobatizwa katika kisima kimoja waliuana, na wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Ntarama na Nyarubuye. Wapo pia Wakristo waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha. Kwa hiyo kukaa pamoja na kuimba pamoja hakutoshi. Jumuiya ambamo hakuna anayethubutu kumwambia mwenzake "hapo unakosea", iwe ni juu ya kabila, mke anayepigwa au shamba la yatima, bado haijawa jumuiya.

Kuna malalamiko ya karibu zaidi. Watu wanatukimbia kwa sababu ya michango. Kikao cha saa moja, nusu yake ni zaka, ujenzi na harambee, na jina la mjane linasomwa mbele ya wote kuwa anadaiwa. Hilo tuliache leo. Madeni yashughulikiwe faraghani na mweka hazina, na asiye nacho aendelee kuitwa kwa jina lake bila kuona haya.

Halafu tutazame nani hayumo kabisa katika daftari. Mlinzi anayetoka lindo wakati sisi tunamaliza. Muuguzi wa zamu. Dereva wa bodaboda. Zaidi ya wote, dada wa kazi: anaishi katika nyumba tunayosalia, anatupikia chai, lakini jina lake halimo, kwa kuwa tunaandikisha familia na yeye hahesabiwi kuwa wa familia ile. Akifiwa kijijini kwao, hakuna anayemchangia nauli.

Tutakapogawanyika katika makundi, kila jumuiya ilete majina ya watu wa namna hiyo katika mtaa wake, na iseme ni saa ngapi wanaweza kukutana. Ikibidi, saa ibadilike.